UZI: Vitabu vya mazoezi na nota za filimbi vinavyostahili nafasi kwenye stendi yako, vya zamani na vipya

PumziNdefu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Swali la "ninunue kitabu gani cha filimbi?" limeniandama PM mpaka nimeona nishushe uzi mmoja tujadili hadharani, na wenye uzoefu waongezee. Nazungumzia filimbi ya okestra, ile ya kulaza upande wa kulia yenye vitufe, mfumo wa fundi Boehm wa 1847. Wapigaji wa filimbi nyingine karibuni msome, ila vitabu vingi hapa havitawafaa moja kwa moja.

Nianze na kosa nililolifanya mimi. Miaka ya mwanzo nilinunua kitabu kila nilipokwama. Skeli zikinishinda, kitabu kipya. Sauti ikiwa nyembamba, kitabu kipya. Kila kimoja nilipiga kurasa tatu za mwanzo nikakiacha. Siku moja mwalimu akaniambia nivilete vyote. Akavipanga sakafuni, akachagua vitatu, vilivyobaki akavifunga kwenye mfuko na kuniagiza nisiufungue kwa mwaka mzima. Ndivyo hivyo vitatu ninaanza navyo.

Cha kwanza ni De la sonorité cha Marcel Moyse, kilichotoka 1934. Ukikifungua utashangaa: zoezi la kwanza linaanza na nota mbili tu. B, unateremka nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya nota na jirani yake) hadi B-flati. Kisha B-flati kwenda A, A kwenda A-flati, hivyo hivyo mpaka chini kabisa. Kazi yote iko kwenye lile daraja kati ya nota na nota: ya pili izaliwe ndani ya sauti ya kwanza, isififie, isibadilike rangi. B inashikwa kwa gumba na kidole cha shahada cha kushoto, na kidole kidogo cha kulia. Bomba karibu lote liko wazi, ndiyo maana inatoka bila shida. Kadiri unavyoshuka unaziba matundu zaidi, na midomo inaanza kubana kwa woga. Kitabu kinakufundisha kutobana. Piga mbele ya kioo, halafu tazama ukungu wa pumzi unaoganda kwenye bamba la mdomo, ng'ambo ya tundu. Ukiwa pembetatu ndogo, hewa inakwenda inakotakiwa. Ukitapakaa kama wingu, uwazi wa midomo ni mpana mno. Dakika kumi kwa siku zinatosha, lakini ziwe dakika kumi za kusikiliza kweli.

Cha pili ni yale mazoezi makubwa 17 ya kila siku ya Taffanel na Gaubert. Paul Taffanel alifariki 1908 akiwa hajaimaliza kazi yake, mwanafunzi wake Philippe Gaubert akaikamilisha, na kitabu kizima cha mafunzo kikatoka 1923. Yale mazoezi 17 yanauzwa pia peke yake. La 1 ni nota tano tano zinazopanda nusu toni kwa nusu toni. La 4 ni skeli zote za meja na maina, moja inaingia nyingine bila kusimama. Wengi tunakosea hapa: kila siku tunaanza na C meja, tukifika katikati mkono umechoka, tunafunga kitabu. Matokeo yake C na F zinang'aa, skeli za mwishoni zinabaki mbovu miaka yote. Anza kila siku ulipoishia jana. Usibadilishe kingine chochote, utaona tofauti.

Cha tatu ni kitabu cha etudi, yaani vipande vya mazoezi vilivyotungwa kama muziki kamili. Hapa inategemea umefika wapi. Giuseppe Gariboldi ana etudi ndogo 20, opus 131 (opus ni nambari ya kazi ya mtunzi), zinazomfaa aliyemaliza kitabu cha kuanzia. Baada yake Ernesto Köhler, opus 33, vitabu vitatu: 15 rahisi, 12 za kati, 8 ngumu. Halafu Joachim Andersen. Huyu Mdenmaki alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa okestra ya Berliner Philharmoniker mwaka 1882, akapiga huko kama mpigaji filimbi wa kwanza mpaka ugonjwa wa ulimi ukamlazimisha kuacha. Ametuachia etudi nyingi kuliko utakazomaliza. Anza na opus 41 (18 fupi), kisha opus 37, kisha 33, na hizo opus 15 na 60 zisubiri. Opus 41 nambari 1 niliipiga wiki tano. Haina nota ngumu hata moja, lakini kupanga pumzi ili sentensi isikatike katikati, hapo ndipo kazi ilipo.

Karibuni mchangie. Vipya nitaviongelea chini.

Kidole_Kidogo

Mkuu, uzi umetulia. Mimi ni mtu mzima, nina miezi minane na filimbi. Nota za kati zinatoka, za chini kabisa zinapasuka, za juu zinapiga kelele. Niingie kwenye huyo Moyse au nisubiri?

PumziNdefu

Usisubiri, ila usimpige wote. Chukua zoezi la kwanza, nota nne tu: B, B-flati, A, A-flati. Usishuke zaidi mpaka hizo nne ziwe familia moja. Kama unataka mtu wa kukuelezea kwa maneno mengi zaidi, tafuta Trevor Wye, Practice Book cha kwanza, kinachohusu sauti. Wye alisoma kwa Moyse, na anaeleza taratibu kwa nini unafanya unachofanya, jambo ambalo Moyse mara nyingi anakuachia mwenyewe. Mfululizo wake ni vitabu sita: sauti, ufundi wa vidole, ulimi, tyuni pamoja na vibrato (kutikisa sauti), pumzi na skeli, na cha sita cha walioendelea. Vipo pia vikiwa vimejalidiwa pamoja. Kwako wewe cha kwanza na cha nne ndivyo vya sasa.

SautiYaKati

Naomba kupingana kidogo na mleta mada kuhusu ile pembetatu, kwa sababu iliniumiza. Mdomo wangu wa juu una ncha inayoshuka katikati, kama tone la maji. Watu wenye midomo hii ni wengi. Kila nikilazimisha pembetatu ikae katikati, ile ncha inaigawa hewa vipande viwili, sauti inatoka na mchanga. Mwalimu wangu wa kwanza alinisukuma katikati miaka miwili nzima, nikaamini sina kipaji. Aliyefuata aliniambia tu nisogeze uwazi wa midomo kidogo kushoto, na siku ile ile nota ya chini ilifunguka. Pembetatu yangu inakaa pembeni mpaka leo, na inakaa vizuri.

Kwa hiyo mnaosoma: tazameni umbo la ukungu, msihangaike na mahali ulipo.

PumziNdefu

Nimekubali na nashukuru, dada. Nimeirudia sentensi yangu na kweli sikusema "katikati", lakini wengi wataisoma hivyo. Umbo lake ndilo la kutazama, mahali ulipo hapana.

MamaWaWawili

Shikamooni. Binti yangu ana miaka tisa, ameanza mwezi uliopita. Haya majina yote makubwa naona ni ya watu wazima. Yeye apewe nini?

PumziNdefu

Marahaba, mama. Kwa umri huo kitabu kizuri ni kile chenye sauti mbili: mstari wake, na mstari wa mwalimu chini. Mtoto akipiga nota tatu tu huku mwalimu anamzungushia sauti ya pili, anasikia muziki kamili tangu wiki ya kwanza, na masikio yanajifunza tyuni bila kuambiwa. Beginner's Book cha huyo huyo Trevor Wye, sehemu mbili, kina sauti mbili kwa wingi. Etudi asipewe kwa sasa. Na kama mikono haifiki vizuri, ulizieni kichwa cha filimbi kilichopindwa kama herufi U. Kinasogeza vitufe karibu. Kitabu kizuri hakitasaidia ikiwa bega la kulia linavutwa nyuma kila siku.

NotaZaLeo

Mleta mada umesema vipya unaviacha chini, mimi naanza navyo, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapodumaa. Tunapiga yaliyotungwa kabla ya 1960 halafu tunadhani filimbi imeishia pale.

Kwanza, mlango wenyewe. For the Contemporary Flutist cha Wil Offermans, 1992. Etudi 12, kila moja na mbinu yake: kuimba huku unapiga, nota mbili kwa pamoja, sauti za upepo, na kadhalika, na kuna maelezo ya namna ya kuifanyia kazi kila mbinu. Ukiona maneno hayo usikimbie. Kuimba huku unapiga ni dawa ya sauti ya kawaida kuliko mazoezi mengi ninayoyajua. Robert Dick ameandika kitabu kizima juu ya hilo, Tone Development through Extended Techniques. Jaribuni hivi sasa hivi: imba G ya kati kwa sauti yako, taratibu. Sasa ipige G hiyo huku unaiimba. Itatoka chafu, sawa tu. Rudia mara tatu. Sasa acha kuimba, lakini koo lako liache pale pale lilipokuwa likiimba, na piga. Mara nyingi nota inanenepa papo hapo, kwa sababu koo lililokuwa limefungwa limefunguka. Mimi nafanya hivi kabla ya Moyse.

Pili, vipande vya jukwaani. Ian Clarke, Mwingereza, ana The Great Train Race na Zoom Tube, zote za filimbi peke yake bila piano. Wanafunzi wakizisikia mara moja wanazitaka. Valerie Coleman, Mmarekani, ana Danza de la Mariposa ya filimbi peke yake, na Fanmi Imèn ya 2018 ya filimbi na piano. Allison Loggins-Hull ana Homeland, nayo 2018, filimbi peke yake. Kipande kizito, kinahitaji mtu aliyekwisha kuifahamu pumzi yake. Na kwa wenye subira, marehemu Kaija Saariaho wa Ufini, Laconisme de l'aile ya 1982: inaanza na maneno ya kusemwa, halafu maneno yanageuka pumzi, pumzi inageuka sauti ya filimbi.

Ninachowaomba: mkinunua nota za mtunzi aliye hai, nunueni halali. Nakala mnayolipia ndiyo inayomwezesha kutunga nyingine.

PumziNdefu

NotaZaLeo, madini matupu. Hiyo ya kuimba G nimeifanya kabla ya kukujibu. Ni kweli. Nilikuwa nawapa wanafunzi Offermans baada ya miaka mitano ya kusoma; kuanzia sasa naisogeza mbele.

Niongezee la matoleo, kwa sababu "kipya" mara nyingine ni toleo jipya la wimbo wa zamani. Sonata ya Poulenc ni ya 1957, lakini toleo lililosahihishwa lilitoka 1994, na nota kadhaa na alama zimetofautiana na la mwanzo. Ukirithi nakala ya zamani, ilinganishe kabla ya kuizoeza mikono. Na konseto za Mozart, ya G (K. 313) na ya D (K. 314): chukueni toleo la urtext, yaani linalofuata alichoandika mtunzi mwenyewe, la Bärenreiter au Henle. Matoleo mengi ya zamani yamejaa mistari ya kuunganisha nota iliyowekwa na wahariri, na ukiizoea hujui tena kipi ni cha Mozart na kipi ni cha mhariri. Jambo jingine: Mozart hakutuachia kadenza (pale mpigaji anapobaki peke yake kuonyesha ufundi) za konseto hizi mbili. Iliyochapwa kwenye nakala yako ni ya mtu mwingine. Una ruhusa kamili ya kuandika yako.

PianoPembeni

Mimi ni mpiga piano, nasindikiza wapiga filimbi. Ushauri mmoja tu: kabla hujalipia, hakikisha unanunua sehemu zote mbili. Niliwahi kuagiza Fantaisie ya Fauré, ile ya 1898, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Ikaja karatasi ya filimbi peke yake, ya piano haipo, na hakuna aliyenijibu tena. Tamasha lilikuwa siku sita mbele. Nilinakili sehemu ya piano kwa mkono usiku mbili kutoka nakala ya rafiki. Tangu hapo nasoma maelezo ya bidhaa neno kwa neno.

Na kama mtu anataka vipande vile vya mitihani ya Conservatoire ya Paris, Fauré, Chaminade ya 1902, Enescu ya 1904, kuna mkusanyo mmoja uliohaririwa na Louis Moyse, mtoto wa Marcel, unaitwa Flute Music by French Composers. Una piano na filimbi, na utakaa nao miaka.

Kidole_Kidogo

Swali la haki miliki. Nimeona IMSLP, ile maktaba ya nota ya mtandaoni, kuna nota nyingi za kupakua bure. Ni halali?

NotaZaLeo

Inategemea na nchi uliyopo na mwaka aliofariki mtunzi. Nchi nyingi zinalinda kazi miaka 70 baada ya kifo chake, nyingine 50. Andersen alifariki 1909, Köhler 1907: hawa wako huru. Gaubert alifariki 1941, kwa hiyo kwenye nchi za miaka 70 mazoezi yale 17 yako huru pia. Marcel Moyse alifariki 1984. Kwenye nchi hizo hizo De la sonorité inalindwa mpaka mwisho wa 2054. Poulenc alifariki 1963, pigeni hesabu hiyo hiyo. Na toleo jipya la mhariri aliye hai linaweza kuwa na ulinzi wake hata kama mtunzi alifariki zamani.

Ukipakua, kagua kurasa. Nakala ya Andersen niliyoichapa ilikosa kurasa mbili katikati, nikapiga mwezi mzima etudi inayoruka nikidhani ndivyo ilivyotungwa.

MchangaMwepesi

Nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Etudi zinaua watu. Nimekaa na Köhler na Andersen miaka minne, vidole vikawa vya mashine, na sikuwa na wimbo hata mmoja wa kumpigia mgeni nyumbani. Niliacha filimbi mwaka mzima. Kilichonirudisha ni Fantasia 12 za Telemann za filimbi peke yake. Kila kitu etudi zinachofundisha kimo mle: kuruka, skeli, kupanga pumzi, sauti mbili zinazojibizana ndani ya mstari mmoja. Tofauti ni kwamba ukimaliza umepiga muziki.

PumziNdefu

Sikuiti mkali, umesema kitu ambacho walimu tunapaswa kukisikia. Fantasia zile zimechapwa Hamburg mwanzoni mwa miaka ya 1730, na hakuna kitabu kwenye rafu yangu kilichochakaa zaidi. Telemann anakuandikia besi na sauti ya juu kwa bomba moja. Nota ya chini unaigusa na kuiacha, na sikio la msikilizaji linaendelea kuisikia wakati wewe uko juu tayari. Ukipiga zote kwa uzito mmoja hakuna anayesikia sauti mbili.

Lakini sikubaliani kwamba etudi ziachwe. Fantasia zote 12 zinakaa kwenye funguo (yaani skeli ambazo wimbo umejengwa juu yake) ambazo hazikuwa ngumu mno kwa filimbi ya wakati ule yenye kitufe kimoja: A, B maina, C, D, E, G na jirani zake. Hutakutana na fantasia ya D-flati meja. Halafu siku unafungua Syrinx ya Debussy, ya 1913, inashuka mpaka kuzimikia kwenye D-flati ya chini, na mkono wako haujawahi kuishi huko. Andersen anakupeleka kote. Kwa hiyo mimi nasema viende pamoja: etudi moja na fantasia moja, wiki ile ile. Kosa la miaka yako minne lilikuwa la aliyekupangia chakula cha aina moja.

MchangaMwepesi

Hilo la funguo sikuwahi kuliona. Nimekwenda kuzihesabu, ni kweli. Nitamrudisha Andersen, lakini mara hii opus 41 na si zaidi ya moja kwa wiki.

SautiYaKati

Kwa wanaoota kuingia okestra: Orchestral Excerpts for Flute, mkusanyo wa Jeanne Baxtresser. Una vipande vinavyoombwa kwenye usaili, na piano imeandikwa badala ya okestra, kwa hiyo unasikia nani anapiga nini chini yako. Ule mwanzo wa Prélude à l'après-midi d'un faune ya Debussy, ile C-shapu isiyoshikwa na karibu kidole chochote na inayotaka kuyumba, ni tofauti kabisa ukijua kwamba hakuna mtu atakayekusaidia mpaka mstari wako uishe.

MamaWaWawili

Mrejesho. Tumepata kitabu cha sauti mbili na kichwa kilichopindwa. Mwalimu anapiga mstari wa chini, binti anapiga B, A na G. Jana alinirudishia mazoezi jikoni kwa hiari yake, mara nne, akaniomba niimbe mstari wa mwalimu. Nimeimba.

Kidole_Kidogo

Na mimi wiki ya tatu. Nota nne tu kama ulivyosema mkuu, pamoja na ile ya kuimba ya NotaZaLeo. B, B-flati na A sasa zinafanana. A-flati bado inatoka kama imevaa koti. Nimejaribu kuongeza hewa, inapasuka.

PumziNdefu

Usiongeze hewa. Kaa kwenye A mpaka uipende, halafu weka kidole cha tatu na kidole kidogo cha kushoto kwa pamoja, polepole kabisa, taratibu mpaka usikie nota ikiteleza badala ya kuruka. Midomo isisogee hata chembe. Ukisikia koti limevuka, ongeza G.